Malaria iliyomfukuza kazi baba mdogo

Najua nimepotea. Wiki nane za BTP zimekwisha, nimerudi chuo, nimekuta Dodoma ni ileile, vumbi lilelile na foleni ya maji ileile. Wengi mmeniuliza fildi ilikuwaje huko Biharamulo, na mimi nimekuwa najibu "ilikuwa poa tu". Ukweli ni kwamba ilikuwa zaidi ya poa, ila kuna jambo nilikuwa sijawaambia, na bila kulisema hilo stori ya BTP haiwezi kueleweka. Kwa hiyo leo nalisema, halafu nitatoa maoni yangu. Mkinicheka, mnicheke mkiwa mmesoma hadi mwisho.

Mnakumbuka mwaka wa kwanza nilipotea wiki tatu mkaambiwa nina taifodi? Haikuwa taifodi. Nilikuwa Mirembe.

Naam, Mirembe hiyohiyo tunayoitania kila siku. Hapa Dodoma mtu akicheka peke yake tunamwambia apande daladala ya Mirembe. Na mimi nimeshautumia sana utani huo, hata baada ya kutoka huko, ili mtu asije akashtukia. Kilichotokea ni hiki: tulikuwa karibu na majaribio, nikapiga msuli usiku nne mfululizo bila usingizi, na badala ya kuchoka nikawa najisikia kama nimemeza jua. Nilikuwa naongea haraka, nina mipango kumi kwa saa. Bumu lote liliisha ndani ya siku mbili. Wengine mlinunuliwa chipsi kuku na mimi siku hiyo, mkala, wala hamkuuliza zimetoka wapi! Baada ya hapo nikaporomoka. Nikawa siwezi hata kunyanyuka kwenda kuoga. Daktari akasema ni baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi. Akaniambia ni ugonjwa wa kuishi nao, kama kisukari, na kwamba watu wanaishi nao wakiwa walimu, wahasibu na madereva, mradi wanywe dawa, walale, na wasipotee kliniki.

Kulala na kliniki. Shikeni hayo mawili, maana ndiyo kiini cha maneno yangu ya leo.

Basi fildi ikafika. Nikachagua Biharamulo kwa sababu ni jirani na nyumbani Ngara, nikapangiwa shule moja ya sekondari, Kiswahili na Historia, kidato cha pili, mikondo mitatu. Vidonge nilivyobeba vilikuwa vya mwezi mmoja tu. Viko vya aina mbili: kabamazepini asubuhi na jioni, na olanzapini usiku. Kabamazepini ni dawa ya kifafa pia, kwa hiyo hata huko wilayani ukiulizia kwenye duka la dawa unaweza kuipata, ila muuzaji atakuangalia na kukuuliza, "Una kifafa?" Nilijibu ndiyo. Fikirieni, mtu mzima nadanganya kwamba nina kifafa kwa sababu nimeona hicho kina nafuu! Ile olanzapini nayo niliulizia maduka yote niliyoyafikia, hakuna. Na olanzapini ina tabia yake: ukiimeza saa tatu usiku inakulaza vizuri sana, lakini saa kumi na mbili asubuhi kichwa bado kina uzito wa gunia la maharage.

Sasa mwalimu wa zamu anatakiwa awe shuleni saa kumi na mbili na nusu kusimamia namba na usafi. Wiki ya kwanza nilichelewa mara mbili. Mara ya kwanza nikasema baiskeli iliharibika. Mara ya pili nikasema malaria. Ijumaa nikakaa chumbani nikapiga hesabu: dawa ya usiku itaisha wiki ya nne, kwa hiyo lazima niende hadi Mwanza, Bugando, na cheti changu. Siku nzima ya kazi inaondoka hapo. Nilishaandaa na barua kabisa, nimeandika "nasumbuliwa na malaria".

Wikiendi hiyo nikapanda gari kwenda kumsalimia baba mdogo. Njia mnaijua wenyewe mliotoka huko: Lusahunga, Nyakahura, Benako, halafu unaingia Ngara. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi. Siku hizi analima migomba na kahawa kidogo, na jioni anafundisha watoto wa jirani tuisheni barazani. Tulikua tukijua kwamba "alirogwa", akaacha kazi. Hakuna aliyetuambia zaidi ya hapo. Nikamwonyesha vidonge vyangu. Akaviangalia, akacheka, akaingia ndani akatoka na vyake. Nikajua hapohapo kwamba ndugu yangu wa ugonjwa alikuwepo kwenye ukoo siku zote, ila kila mmoja alikuwa amejificha chumba chake.

Halafu akatoa bahasha ya kaki yenye nakala za barua zake za kazini. Barua baada ya barua, miaka na miaka, sababu ni ileile: malaria. Malaria mwezi wa pili, malaria mwezi wa tano, malaria mwezi wa tisa. Akasema, "Mwanangu, kama kweli ningeugua malaria zote hizi, ungeshanizika zamani." Mwishoni, mwajiri wake aliacha kuamini. Akaugua kweli, akakaa ndani zaidi ya mwezi hana nguvu ya kuongea na mtu, hakwenda hospitali, hakupeleka karatasi. Faili likaandikwa utoro kazini. Akafukuzwa.

Nikamwambia, "Baba, ugonjwa umekuonea sana." Akatikisa kichwa. "Siyo ugonjwa ulionifukuza kazi. Ni malaria."

Wadau, nimerudi na sentensi hiyo hadi Dodoma.

Maana yake ni nini? Mtu mwenye ugonjwa wa akili anayefanya kazi ana ajira mbili. Ya kwanza ni ile ya mshahara. Ya pili ni kuficha. Hii ya pili haina likizo na inakula usingizi kuliko ya kwanza. Unatunga uongo, unakumbuka ulimwambia nani nini, unameza dawa chooni, unaruka kliniki ili usiombe ruhusa, na ukiruka kliniki dawa inakatika, na dawa ikikatika unaugua, na ukiugua unadanganya tena. Mimi nasema hivi: baba mdogo angeweza kuendelea kufundisha hadi kustaafu. Kilichomshinda ni ile kazi ya pili.

Na ukimsikiliza, alikuwa na sababu ya kuficha. Kule kwetu mpakani, ambako Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana, neno ni moja tu: umusazi. Halina daraja la chini wala la juu. Aliyekosa usingizi wiki moja na anayetembea uchi sokoni, wote jina moja. Alinikumbusha ya 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa hesabu za UNHCR za wakati huo, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya kama saa 24, wakajaa Benako. Yeye alikuwa kijana. Akasema, "Tuliwaona wanaongea peke yao, tukasema hawa wameona mengi, tukawaonea huruma. Mwenzetu akiongea peke yake tukasema karogwa." Yaani Ngara ilijua tangu zamani kwamba mtu anaweza kuumia pasipo jeraha. Tuliwaruhusu wageni tu.

Jumatatu nikarudi Biharamulo. Ile barua ya malaria nikaichana. Lakini sikwenda kutangaza paredi, jamani, mimi siyo shujaa. Nilimtafuta mtu mmoja tu, mwalimu wa taaluma, kwa sababu yeye ndiye anayepanga ratiba. Ni mama wa makamo, mkali, kidato cha nne wote wanamwogopa. Nikamwambia, "Shikamoo Madam, naomba dakika tano." Nikamweleza bila kuzunguka: nina ugonjwa wa akili, natibiwa, dawa ya usiku inanizidi asubuhi, na tarehe fulani lazima niende Mwanza. Moyo ulikuwa unadunda hadi nausikia masikioni.

Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Mimi nina presha, mwanangu. Kila mwezi naenda kupima na hakuna aliyenipigia kelele. Ratiba ni karatasi, tunafuta tunaandika." Akachukua penseli. Vipindi vyangu vyote vikahamia baada ya chai, saa nne na kuendelea. Zamu ya asubuhi nikabadilishana na mwenzangu, mimi nikachukua usimamizi wa jioni ambao wote wanaukimbia. Siku ya Mwanza nikaipata, nikafidia vipindi Jumamosi. Nikapita Geita, nikavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Wazee wanasema enzi za kivuko foleni peke yake ilikuwa inakula nusu siku. Usiku nilikuwa nimerudi na dawa zangu.

Gharama ya shule? Penseli na ufutio!

Na kuna faida moja ambayo sikuitegemea. Wiki ya sita nilianza kuongea haraka ofisini, nikajitolea kusahihisha madaftari ya mikondo yote mitatu usiku mmoja. Mimi niliona ni bidii. Madam akaniangalia akasema kwa sauti ya chini, "Leo madaftari hayaendi nyumbani. Nenda kalale." Nilikasirika. Ila nilikwenda, nikalala, na kesho yake nikamshukuru, maana kukosa usingizi ni mlango ambao kwangu mimi ugonjwa unapitia. Kama angekuwa hajui, angenisifia kwa uchapakazi, na wiki ya saba ningekuwa nimelazwa.

Sasa najua mtakachosema, maana mwenzangu wa chumbani amekwisha kusema: "We umebahatika, bosi mwingine ukimwambia umekwisha." Ni kweli. Siwezi kuwadanganya kwamba kila ofisi ina Madam. Ndiyo maana sisemi umwambie kila mtu. Nasema mwambie mmoja, na awe mwenye mamlaka juu ya ratiba yako, siyo yule mpiga soga wa kantini. Halafu nenda ukiwa unajua sheria inasemaje, kwa sababu wengi wetu tunaomba kama hisani kitu ambacho kimeandikwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inapoeleza ulemavu ni nini, haikuishia kwenye mguu na jicho: inataja pia sababu za kiakili zinazomzuia mtu kushiriki maisha kama wengine. Ile ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, na kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Haijaandikwa popote kwamba siku hizo ni za malaria na kuvunjika mkono tu. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kwa ugonjwa, aangalie chanzo chake, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa ili mtu aendelee. Na ukiachishwa kwa uonevu una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Baba mdogo hakuwahi kuambiwa habari za karatasi kama hizi, na mwenye karatasi ya uongo hata angeambiwa zisingemsaidia. Ungejitetea vipi kwa ugonjwa ambao hujawahi kuutaja?

Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu: acheni malaria. Daktari akikupa ED, iwe ED ya ugonjwa unaoumwa kweli. Kama unaogopa jina la ugonjwa kusambaa ofisini, mwambie daktari hofu yako, muone pamoja namna ya kuiandika. Lakini karatasi iwe ya kweli. Karatasi ya kweli inakulinda, ya uongo inakungojea.

Na wakubwa wa kesho mko humuhumu mnasoma. Mtakuwa wakuu wa shule, maafisa utumishi, mameneja. Siku mfanyakazi wako atakapokuja kukuambia anakwenda kliniki ya akili, muone kama yule anayekwenda kliniki ya kisukari. Kama huruma haikugusi basi iguswe mifuko: WHO na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi peke yake vinapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani. Ukimnyima mtu siku moja ya kliniki, atakuchukulia mwezi mzima baadaye. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Kuna swali limenikaba hata mimi mwenyewe, nalo silifichi. Je, wasio na mwajiri? Ngara na Biharamulo wengi ni wakulima. Vijana wa rika langu wako kwenye bodaboda au kwenye makarasha ya dhahabu, wanasaga mawe hadi alfajiri. Kijana anayemeza dawa ya usingizi saa tatu hawezi zamu ya usiku karasha, na asipoimeza ataugua. Hana ED, hana siku 126, hana Tume. Kwake yeye Madam lazima awe mtu mwingine: mwenye pikipiki anayekubali hesabu ya mchana tu, mke anayetunza vidonge, mwenzake wa kikoba anayejua kwa nini mwezi huu kachelewesha hisa. Zimbabwe mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kwetu mabibi tunao na mabenchi tunayo, chini ya kila mgomba kuna moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha, na dawa zisiwe za kufuatwa Mwanza. Bibi mwenye masikio hatibu baipola peke yake, na dawa bila mtu wa kukuuliza "jana ulilala?" nayo haifiki mbali.

Kuhusu maombi na waganga sitaki ugomvi na mtu. Mama ananiombea kila usiku kwa simu, mimi nasema amina, halafu nameza kidonge. Havijawahi kugombana tumboni.

Mwisho wa BTP nikapita tena kwa baba mdogo. Nikamweleza kila kitu, ratiba, penseli, madaftari. Akaniuliza jambo moja tu: "Na huyo Madam, alikuambia hivyo mbele ya watu?" Nikasema hapana, tulikuwa wawili. Akatulia muda mrefu anaangalia migomba yake. Halafu akasema, "Mkuu wangu wa shule naye alikuwa na presha." Hakuongeza neno. Nami sikujua la kumjibu, hadi leo sijui. Labda angemwelewa, labda asingemwelewa. Hatutajua, kwa sababu hakuwahi kumuuliza.

Basi ndo hivyo wadau, ile taifodi ya mwaka wa kwanza imefutwa rasmi. Mkiniona naondoka kantini saa mbili na nusu usiku wakati stori zimenoga, msinishike mkono, nawahi kulala. Na mkiniona naanza kununulia watu chipsi kuku ovyo, tafadhalini, safari hii ulizeni kwanza!

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.